Umeme Ukirudi, Nani Atazuia Mota Isizunguke?

Ijumaa moja muhula uliopita tulikuwa watu wanne karakana, tunachonga herufi kwenye kipande cha MDF. Mashine yenyewe ni CNC ya kujiundia: fremu ya alumini, mota za stepa, Arduino Uno, laptopu ya mmoja wetu, na ruta ya mkono ya seremala iliyofungwa mbele. Ruta hiyo si ile ya Wi-Fi, ni ile ambayo mafundi wa Keko wanachongea kingo za vitanda na makabati. Tukiwa kwenye herufi ya tatu, umeme ukakatika. Ruta ikanyamaza, feni zikanyamaza, watu wakaguna kama kawaida.

Mwenzetu mmoja akaona huo ndio muda mzuri wa kufagia vumbi. Akachukua brashi, akaingiza mkono chini ya biti. Haikupita hata dakika mbili, umeme ukarudi. Ruta ikapiga kelele kwa kasi yake yote na fremu ikaanza kutembea. Alishonwa nyuzi nne kwenye kidole, na mpaka leo tunashukuru kwamba zilikuwa nne tu.

Hakuna aliyekuwa amebonyeza kitu. Ndiyo maana tulibishana wiki nzima kabla ya kuelewa kilichotokea, na jibu lake ni rahisi mno. Laptopu ina betri. Arduino inakula umeme wa USB kutoka kwenye laptopu hiyo hiyo, na rilei tuliyotumia kuwashia ruta ilikuwa inakula volti 5 za Arduino. Umeme wa ukutani ulipokatika, programu haikujua lolote. Iliendelea kutuma amri mstari kwa mstari, ikidhani bado inachonga, na rilei ikabaki imeshika. Kilichokosekana ni nguvu ya kuzungusha tu. Nguvu iliporudi, kila kitu kikaendelea pale programu ilipokuwa imefika, tena fremu ikiwa imeshapoteza nafasi yake.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka kuna kikundi kinachounda CNC kwa ajili ya mradi wa mwisho, au wanachuo wanaochangishana bumu likitoka wapate mashine ya kuchongea vibao vya majina na saketi. Wote wakifika kwenye spindo, yaani ile mota inayoshika biti na kuizungusha, swali lao la kwanza ni moja: "Tutabadilishaje spidi?" Ni swali zuri, ila ni la pili. La kwanza ni hili: nani anaweza kuizima spindo, na nani anaizuia isijiwashe? Ukishalijibu hilo, la spidi linakuwa jepesi, na mara nyingi unagundua kwamba ulikuwa unataka kununua vitu usivyovihitaji.

Kudhibiti ni kazi tatu, si moja

Tunaposema "kudhibiti spindo" tunachanganya mambo matatu. La kwanza ni kuwasha na kuzima. La pili ni kupanga spidi. La tatu ni kupata taarifa: spindo inazunguka kweli? Imefikia spidi niliyoiagiza? Imeelemewa?

Kwenye msimbo wa G, ambao ndio lugha ya mashine hizi, amri ni chache. M3 inawasha spindo izunguke kwa upande wa mishale ya saa, M4 inaigeuza upande wa pili, M5 inaizima. Herufi S ikifuatwa na namba inataja mizunguko kwa dakika. Kwa hiyo "M3 S12000" maana yake ni washa, nipe mizunguko 12,000. Hiyo ni amri tu, bwana. Kwamba spindo itaitii au haitaitii, inategemea nyaya zako. Kama hakuna waya wowote unaotoka kwenye Arduino kwenda kwenye ruta, unaweza kuandika S ya namba yoyote uitakayo na ruta isishtuke.

Sasa tuziangalie njia zenyewe, kuanzia ile ya bei rahisi.

Njia ya kwanza: swichi ya ruta yenyewe

Unawasha ruta kwa mkono, unapanga spidi kwa gurudumu lake dogo, kisha unaanzisha programu. Makita RT0700C kwa mfano ina gurudumu lenye namba 1 hadi 6, linalokupa kuanzia mizunguko 10,000 hadi 30,000 kwa dakika. DeWalt DWP611 nayo ina 1 hadi 6, lakini inaanzia 16,000 na kuishia 27,000.

Watu wanaidharau njia hii kwa sababu haionekani ya kisasa kwenye ripoti ya mradi. Lakini jiulize: je, mashine yako inabadilisha biti yenyewe? Haibadilishi. Unasimamisha kazi, unachukua spana mbili, unalegeza koleti, unaweka biti nyingine. Mkono wako tayari uko pale. Kuzungusha gurudumu kutoka 2 kwenda 4 ni sekunde moja zaidi. Kompyuta kubadilisha spidi ni jambo la maana sana kwa mashine ya kiwandani yenye biti 20 zinazojibadilisha zenyewe usiku. Kwa mashine yako ya mezani, faida yake ni ndogo kuliko unavyodhani.

Udhaifu wa njia hii uko kwingine. Programu ikiisha saa nane usiku nawe umesinzia, ruta inaendelea kulia. Programu ikisimama kwa kosa, biti inaendelea kuzunguka ikiwa imezama kwenye mbao, inasugua sehemu moja mpaka moshi unatoka. Na swichi ya ruta nyingi ni ya kubofya ikabaki: umeme ukikatika inabaki kwenye "washa". Ukirudi, ruta inarudi nao.

Tahadhari moja ya manunuzi. Ruta nyingi nzuri zinazouzwa mtandaoni ni za soko la Marekani, zimeundwa kwa volti 120 hivi. Kwetu ukutani ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja, utapata mwanga mmoja mzuri na harufu. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Njia ya pili: rilei

Hapa Arduino inawasha na kuzima ruta, na spidi inabaki kwenye gurudumu. Kwa maoni yangu hii ndiyo inayowafaa wanachuo wengi. Unapata kitu muhimu zaidi, yaani M5 mwisho wa programu inazima kweli, bila kuingia kwenye mambo makubwa. Lakini ina mitego ambayo sisi tuliikanyaga karibu yote.

Mtego wa kwanza: zile moduli za rilei za bluu. Nyingi zinashika pini ikiwa chini, yaani volti sifuri. GRBL, ile programu iliyomo ndani ya Arduino, ikitaka kuzima inaweka pini chini. Matokeo yake umezima na ruta ndiyo inawaka. Dawa ni kununua moduli inayokubali kuchaguliwa juu au chini, au kugeuza mpangilio kwenye faili la usanidi la GRBL kabla ya kuipakia.

Mtego wa pili: pini namba 13. Kwenye Uno, pini hiyo ina taa ndogo, na kila Arduino inapoanza upya, kipakizi chake huimulika taa hiyo mara kadhaa. Na Arduino huanza upya kila unapofungua mawasiliano ya USB. Ukiunga rilei pini 13, kila ukibofya "unganisha" kwenye laptopu rilei inapiga tak-tak-tak, na ruta inashtuka. Kama hutaki kubadilisha spidi kwa kompyuta, izime VARIABLE_SPINDLE kwenye faili la usanidi. Hapo pini ya kuwasha spindo inakuwa namba 12. Na hata pini hiyo, wakati Arduino inaamka, haiko juu wala chini, inaelea. Kwa rilei inayoshika pini ikiwa juu, unga rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye pini kwenda sifuri ili iwe imelala mpaka GRBL iamke.

Mtego wa tatu ni uwezo wa rilei. Ruta ya wati 710 kwenye volti 230 inakula kama ampea 3, na moduli imeandikwa ampea 10, kwa hiyo unadhani uko salama. Lakini mota inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi, na cheche hizo zinaweza kuzilehemu zile sahani mbili za ndani ya rilei zikashikana. Rilei zisizo na sahani, zile za elektroniki tupu, nazo zina tabia moja mbaya: zikifa, mara nyingi zinafia kwenye "washa". Kwa hiyo rilei ni ya kuendeshea kazi. Isiwe ndiyo tegemeo lako la kuokoa kidole.

Halafu usijaribu kupunguza spidi ya ruta ya aina hii kwa dima ya taa au ya feni. Ruta zenye gurudumu zina saketi ya ndani inayolinda spidi isishuke. Ukikata umeme kwa nje, saketi hiyo inadhani mota imeelemewa na inaongeza nguvu. Hizo mbili zitavutana mpaka moja iungue.

Njia ya tatu: PWM kwa mota ndogo ya DC

Mashine ndogo za mezani, hasa zile zinazoitwa 3018, huja na mota ya DC yenye brashi, aina ya 775. Hii inadhibitiwa kwa kuikatia umeme na kuurudisha haraka sana, karibu mara 1,000 kwa sekunde kwenye GRBL 1.1. Ukiiwasha nusu ya muda na kuizima nusu, mota inaona kama nusu ya volti. Hiyo ndiyo PWM.

Kwenye Uno yenye GRBL 1.1, ishara hii inatoka pini 11. Hapa wenye ile CNC Shield V3 wanapotea sana, kwa sababu maandishi ya kwenye bodi yalipangwa kwa GRBL ya zamani. Palipoandikwa swichi ya mwisho ya Z ndipo penye pini 11, na palipoandikwa kuwasha spindo ndipo penye pini 12. Yaani vimebadilishana. Usiamini maandishi, fuata pini kwa multimita.

Kisha kuna mpangilio wa $30, unaoiambia GRBL mizunguko ya juu kabisa ya spindo yako. Ukiacha ulivyokuja ni 1,000. Maana yake S1000 ni nguvu zote, na S12000 pia ni nguvu zote. Rafiki yangu alilalamika mwezi mzima kwamba spidi "haibadiliki", kumbe hakuwahi kuandika namba ya chini ya elfu moja. Angalia pia $32, ambayo ni hali ya leza. Wengi wanabadilishana spindo na leza kwenye mashine moja. Ukisahau $32 ikiwa 1, spindo itanyimwa umeme kila mashine inaporuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila kukata, na itaingia kwenye mbao kabla haijapata kasi.

Kitu cha mwisho cha kujua kuhusu PWM: inapanga volti, haipimi mzunguko. Umeandika S10000, mota ikiwa hewani inaweza kuzunguka hivyo kweli. Ikiingia kwenye mninga inashuka, na hakuna wa kukwambia imeshuka mpaka wapi.

Njia ya nne: VFD kwa volti 0 hadi 10

Spindo zenyewe hasa, zile za mviringo za kilowati 0.8, 1.5 au 2.2, ni mota za awamu tatu. Haziendeshwi na umeme wa ukutani moja kwa moja. Zinahitaji kiendeshi kiitwacho VFD, kisanduku kinachopokea volti 230 za Hz 50 na kutoa awamu tatu kwa masafa unayotaka. Usichanganye na inveta ya sola.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa spindo ya ncha mbili, mizunguko kwa dakika ni Hz mara 60. Hz 400 ni mizunguko 24,000. Hz 200 ni 12,000. Ukitaka Arduino iseme spidi, unachukua ile PWM ya pini 11, unaipitisha kwenye moduli ndogo inayoigeuza kuwa volti 0 hadi 10, na VFD inasoma: 0 ni kimya, 10 ni Hz 400. Waya mwingine wa rilei unatoa amri ya kuwasha. Ukiweka $30 iwe 24000 kisha ukaandika S12000, multimita ikupe volti 5 kwenye moduli. Isipokupa, kuna skrubu ndogo ya kurekebisha.

Kabla ya hayo yote, soma mipangilio ya VFD. Hapa ndipo spindo mpya zinapoungulia siku ya kwanza. VFD nyingi hutoka dukani zimepangwa kwa mota ya kawaida ya Hz 50, yaani zinatoa volti zote zikifika Hz 50. Spindo ya Hz 400 inastahili volti zote ikifika 400 tu. Kwenye Hz 50 inatakiwa ipate kama moja ya nane, yaani volti 27 hivi. Ukiipa 220, mkondo unapanda, moshi unatoka, na hela ya watu imeondoka. Kwenye VFD za Huanyang ambazo zimezagaa kwenye mashine hizi, PD004 ni masafa ya msingi na PD005 ni masafa ya juu. Zote ziwe 400 kwa spindo ya Hz 400. PD001 inachagua amri ya kuwasha itoke wapi, na PD002 inachagua spidi itoke wapi: 0 ni vitufe vya kisanduku, 1 ni nyaya za nje, 2 ni mawasiliano. Kwa njia hii ya nne unaweka 1 na 1.

Mambo mengine matatu ya VFD, yote ya usalama. Kwanza, pima kama bodi ya chuma ya spindo imeungwa kweli kwenye waya wa ardhini, ule wa kijani na njano. Spindo nyingi za bei nafuu zina pini ya nne kwenye plagi ambayo ndani haijaunganishwa na chochote. Pili, ukizima VFD ndani yake bado kuna kapasita zenye chaji inayoweza kuua. Usifungue kisanduku papo hapo. Subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu chake, kisha upime. Tatu, VFD inapiga kelele za umeme. Waya wa spindo uwe wenye ngao, na usiulaze pamoja na nyaya za swichi za mwisho, la sivyo mashine itasimama katikati ya kazi ikidai imegonga ukuta ambao haipo karibu nao.

Njia ya tano: VFD kwa RS485

Hapa Arduino na VFD wanaongea kwa nyaya mbili, na wanaongea pande zote. Kompyuta inasema "nipe 18,000", VFD inajibu "nimefika" au "nimeelemewa". Hii ndiyo njia pekee kati ya tano inayotimiza ile kazi ya tatu, kupata taarifa. Programu inaweza kusubiri mpaka spindo ifike spidi ndipo iingie kwenye mbao.

Tatizo ni kwamba GRBL ya kawaida kwenye Uno haiijui lugha hiyo. Utahitaji bodi na programu nyingine, kama grblHAL, FluidNC ya ESP32, au LinuxCNC kwenye kompyuta kamili. Na Huanyang nyingi haziongei Modbus ya kawaida, zina lahaja yake, kwa hiyo hakikisha programu yako inaitaja Huanyang kwa jina. Kama mradi wako wa mwisho ni kuhusu mawasiliano ya mashine, hii ni nzuri sana. Kama unataka tu kuchonga vibao uuze, unajitafutia wiki tatu za usiku.

Kwa njia zote nne ambazo hazina taarifa, kuna ujanja wa bure. Baada ya M3 andika "G4 P5". Mashine itasubiri sekunde 5 spindo ipate kasi.

Basi spidi inahitajika kiasi gani?

Jibu linatokana na unene wa chembe ambayo kila jino la biti linaondoa. Chukua mwendo wa mashine kwa dakika, gawa kwa mizunguko, gawa tena kwa idadi ya meno. Ukienda milimita 1,000 kwa dakika kwa biti ya jino moja, kwenye mizunguko 10,000 kila jino linakula milimita 0.1. Ukipandisha ruta hadi 30,000 bila kuongeza mwendo, linakula 0.033. Kwenye akriliki hiyo ya pili ni balaa: jino halikati, linasugua, plastiki inayeyuka na kuganda kwenye biti. Kwenye mbao unaona alama nyeusi na unasikia harufu ya kuungua.

Kumbe basi ukiwa na ruta isiyoshuka chini ya 10,000, bado unaweza kurekebisha kwa kuongeza mwendo au kupunguza meno. Spidi ni namba moja kati ya tatu, na mbili nyingine hazihitaji ununue kitu.

Turudi kwenye swali la kwanza

Kati ya njia zote tano, hakuna hata moja ambayo peke yake ingemwokoa mwenzetu. VFD ya bei ghali inayopewa amri na rilei ile ile iliyobaki imeshika inaweza kujiwasha vilevile umeme ukirudi. Ulinzi unatoka mahali pengine, kwenye kifaa ambacho mafundi umeme wamekitumia tangu zamani: kontakta yenye kitufe cha kuwasha na kitufe cha kuzima.

Inafanya kazi hivi. Ukibonyeza cha kijani, koili ya kontakta inapata umeme, inashika, na mguu wake mmoja wa pembeni unaendelea kuipa koili umeme hata ukiachia kidole. Ukibonyeza chekundu, mnyororo huo unakatika na kontakta inaachia. Umeme wa ukutani ukikatika, inaachia pia. Na ukirudi, haishiki tena mpaka mtu aje abonyeze cha kijani kwa mkono wake. Hakuna kompyuta kwenye mnyororo huo. Kitufe chekundu cha dharura, kile kama uyoga, unakiunga humo humo mfululizo.

Kontakta yetu sasa inalisha ruta na pia umeme wa mota za stepa. Rilei ya Arduino iko baada yake. Yaani kontakta inatoa ruhusa, rilei inatoa ombi. Bila vyote viwili biti haizunguki. Tukaongeza waya mmoja zaidi: mguu wa kontakta unaofunga inapoachia tumeuunga kati ya pini A0 ya Uno na sifuri. A0 ni pini ya GRBL ya kukatisha kazi. Umeme ukikatika, laptopu hata iwe na betri ya siku nzima, GRBL inasimama, inatoa kengele kwamba nafasi imepotea, na inakataa kuendelea mpaka uifungue mwenyewe. Waya huo uwe mfupi au wenye ngao, usije ukaokota kelele na kukatisha kazi bure.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho wengi hawakijui: kitufe cha "simamisha kwa muda" kwenye programu za GRBL kinasimamisha mwendo tu. Spindo inaendelea kuzunguka. Kwa hiyo kusimama kwa fremu si ruhusa ya kuingiza mkono. Ruhusa ni kontakta kuachia na biti kusimama, na umeiona kwa macho yako.

Kwa hiyo ukinifuata baada ya kipindi ukaniuliza uchague nini, nitakujibu hivi. Kama unachonga mbao na MDF na unabadilisha biti kwa mkono, chukua ruta, rilei na kontakta. Kama una 3018 kwa ajili ya saketi, tumia PWM iliyonayo, rekebisha $30 na $32. Kama unakata alumini mara kwa mara au unafanya kazi za saa nyingi, jichange upate spindo na VFD, anza na volti 0 hadi 10. RS485 iache mpaka uihitaji. Na kwenye orodha ya manunuzi, kontakta iandike mstari wa kwanza, kabla hela haijaisha.

Mwenzetu kidole chake kimepona. Bado yeye ndiye anayefagia vumbi, ila siku hizi anabonyeza chekundu kwanza, anaangalia biti mpaka isimame, ndipo anachukua brashi.